Homa Aliyorudi Nayo Molefi

Tete, Msumbiji
8 Mei 1994

Kwako Sekake,

Mwandiko wangu unaujua. Wakati nyinyi mnakaa darasani mimi nilikuwa nachunga ng'ombe, kwa hiyo usinicheke. Soma polepole utaelewa.

Kazi ipo. Tunatoboa mwamba kando ya mto mkubwa, daraja lilivunjwa vitani. Tuko Basotho sita kutoka Lesotho. Mmoja ni Khauta Moleko wa Semonkong, nalala naye hema moja. Mtu wa utani sana, hata akikoroma anakoroma kwa sauti ya besi kama yuko kwaya. Joto la huku sijapata kuliona. Blanketi nimelifanya mto. Mbu ni wengi, jioni unaweza kuwakamata kwa konzi. Kila asubuhi msimamizi anatugawia kidonge kichungu na anasimama hapo mpaka umeze.

Wakala aliyetuleta ametuonya tena. Vibali vyetu havijakamilika. Ikijulikana tuko huku, majina yanafutwa ofisi ya kuajiri na hakuna mgodi utakaotuchukua. Lakini mimi wakala simwogopi. Namwogopa mke wangu 'Malineo. Kaka yake aliungua na lori lake kwenye barabara hii hii ninayoiona kutoka hemani. Aliniapisha mbele ya mama yake kwamba sitavuka kuja Msumbiji, hata nife njaa. Nilipopunguzwa kazi hapo mgodini Welkom nikashindwa kumwambia, nikaja huku. Mpaka leo hajui.

Basi mwandikie kama siku zote. Sema niko Welkom, nitakuja likizo katikati ya Juni na viatu vyekundu vya Lineo. Umeniandikia barua zangu miaka tisa, hatagundua.

Mimi
Molefi


Welkom
20 Mei 1994

Mke wangu mpenzi 'Malineo,

Nimekaa kitandani kwangu hapa hosteli, nimetoka zamu sasa hivi, na vumbi la mwamba bado liko masikioni. Kabla sijanawa nimesema niongee na wewe kwanza. Mzima mimi, nakula vizuri. Tangu uchaguzi, watu huku wanaimba mpaka kwenye lifti ya kutuingiza shimoni, mtu unashuka chini kama unaenda harusini.

Katikati ya Juni nitapata likizo. Paa la chumba kipya liache, nitakuja kuliezeka mwenyewe. Mwambie Lineo baba anakuja na viatu vyekundu.

Wako daima
Molefi

(Kwa mkono wa Sekake, shemeji yako, anayekusalimu na kukukumbusha kwamba yeye bado hajapata mke, na kosa ni lako, dada zako wote umewaozesha kwingine.)


Mokhotlong
29 Mei 1994

Molefi,

Barua yako nimeipata kwa dereva Mphutlane. Mwambie huyo karani wako apunguze manukato. "Mke wangu mpenzi", wewe toka lini? Ukiwa hapa unaniita "we mama". Mimi namjua mume wangu, na najua Sekake anapoishia na wewe unapoanzia.

Tumevuna mtama wote, panya wamekula kidogo tu. Lineo amepoteza jino la mbele na anaringa nalo. Baridi imeanza mapema mwaka huu, asubuhi maji ya ndoo yanakuwa kioo. Mama anakusalimu. Bado anakusifu kwa kile kiapo. Anawaambia wanawake wenzake, "Mkwe wangu ni mtu wa neno lake." Mimi nasikia raha akisema hivyo, sikufichi. Baada ya yaliyompata kaka, usingizi ninaoupata naupata kwa sababu najua uko chini ya ardhi ya Welkom. Huko nako kunatisha, lakini hofu ya huko nimeizoea.

Njoo na misumari. Hapa imekwisha.

'Malineo


Mokhotlong
15 Juni 1994

Sekake,

Nampa Mphutlane karatasi hii. 'Malineo ameenda kuchota maji.

Nimefika juzi. Theluji iko mpaka ukuta wa zizi. Viatu vyekundu vimemtosha Lineo. 'Malineo ameniuliza mbona nimeungua jua wakati nashinda shimoni. Nikasema sasa wametuweka kazi ya juu. Akaenda kupakua chakula, lakini unamjua.

Na Khauta tumeagana Maseru. Msimamizi alikuwa ametupa vidonge vya wiki nne, akasema tuendelee kumeza hata tukifika kwetu, tusiruke siku. Pakiti ina maandishi ya Kireno. Mke wangu anasoma kila kitu, hata karatasi ya sabuni anaisoma. Tulipofika daraja la mpakani Maseru nikavitupa mtoni. Khauta akanicheka, "Mwanamume mzima unamwogopa mke!" Kisha akatoa vyake na yeye akatupa, anasema uchungu ule hauhitaji tena, mbu gani anaishi kwenye theluji. Tulicheka sana.

Mwezi wa saba tunarudi wote. Wewe kaa kimya tu.

Molefi


Mokhotlong
25 Juni 1994

Kwa shemeji Sekake,

Leo huandikiwi na Molefi, nakuandikia mimi. Nataka unijibu haraka, umpe Mphutlane jibu mkononi.

Molefi anaumwa. Ilianza Jumatano, yuko juu ya paa. Alishuka ngazi akasema kichwa kinamgonga. Nikamletea uji wa mtama, akautapika. Baada ya hapo akaanza kutetemeka. Shemeji, mimi nimezaliwa milimani, watu wa kutetemeka kwa baridi nimewaona. Hii siyo baridi. Kitanda kilikuwa kinagonga ukuta. Nilimfunika mablanketi manne na mimi mwenyewe nikamlalia juu, meno yake bado yanagongana. Mara akayatupa yote. Anawaka, anataka atoke nje kifua wazi kwenye theluji. Tulimzuia mimi na mama. Halafu jasho, mpaka godoro likalowa. Na baada ya hapo akakaa, akaomba ugali, akamtania Lineo kuhusu jino. Tukasema imekwisha.

Ijumaa ikarudi vilevile.

Tulimpeleka zahanati kwa farasi. Muuguzi Puseletso ni mwangalifu, alimpima kifua kwa sababu ya mambo ya migodini, akamwangalia koo. Akamuuliza, "Baba, umetokea wapi?" Molefi akasema, "Welkom." Akamuuliza tena, "Hukupita mahali pengine popote?" Akasema, "Welkom tu, dada." Basi muuguzi akasema ni mafua makali, akampa aspirini.

Lakini mafua gani haya hayana kamasi? Macho yake yameanza kuwa ya njano. Jana homa ilipopanda aliongea habari za mto. Anasema, "Maji ni mengi, Khauta, ondoka ukingoni." Khauta ni nani? Na Welkom kuna mto gani?

Mama yangu anasema amerogwa na mtu aliyepunguzwa kazi. Mimi sijui. Wewe unakaa naye, unakula naye. Kama kuna ugonjwa umeingia hapo hosteli niambie jina lake, nikamwambie muuguzi. Naogopa, Sekake. Ukiniona usoni huwezi kujua, lakini naogopa.

'Malineo


Welkom
27 Juni 1994

Kwa shemeji yangu 'Malineo,

Pole sana, na pole kwa mama. Barua yako imefika saa nne asubuhi na nakujibu papo hapo.

Usiwe na hofu. Hapa mafua yapo, ni mabaya mwaka huu, chumba chetu wamelala watu wanne. Yanaanza hivyo hivyo, baridi kisha joto, na baada ya wiki mtu anasimama. Khauta ni jamaa tunayefanya naye kazi. Mto ni maneno ya homa tu, mtu akiwaka huota chochote. Mpe maji mengi, mpe kitunguu na asali kama ipo.

Naongeza mchana: nimeweka humu barua nyingine, ya kumpa Molefi mwenyewe. Ni mambo ya wanaume wa kazini. Tafadhali umpe asome yeye.

Shemeji yako
Sekake Thamae


Welkom
27 Juni 1994

ISOMWE NA MOLEFI RAMABANTA PEKE YAKE

Molefi,

Asubuhi nimemwandikia mkeo kwamba ni mafua. Nimeandika mkono hautikisiki, kama nilivyoandika mengine yote. Kisha nikaenda hospitali ya mgodi, nikamwambia muuguzi nina rafiki alikuwa Tete, sasa yuko nyumbani milimani ana homa inayokuja na kuondoka. Nilidhani atanipa ushauri. Yule mama aliweka kalamu chini. Akaniuliza, "Amerudi lini?" Nikamwambia wiki mbili. "Alikuwa anameza dawa?" Nikamwambia alizitupa. Akasema, "Hiyo ni malaria mpaka kipimo cha damu kikatae. Mtu wa milimani mwili wake haujawahi kukutana nayo, haujui hata kupigana. Huyo rafiki yako anahesabu siku, hahesabu wiki."

Nimetoka pale mbio kuja kukuandikia.

Mwambie mkeo leo. Sema Tete. Mwambie akupeleke hospitali kubwa, siyo zahanati, na mwambie daktari neno hili moja, malaria. Mimi nilikuapia sitafungua mdomo, ndiyo maana nakuandikia wewe na siyo yeye. Lakini wewe hujafungwa na kiapo hicho, siri ni yako. Akikasirika, akasirike ukiwa hai.

Na Khauta je? Yuko wapi? Najua ni wa Semonkong tu, kijiji chenyewe sikijui.

Mphutlane ananipigia honi. Amka umwambie.

Sekake


Hospitali ya wilaya, Mokhotlong
1 Julai 1994

Sekake,

Barua mbili, mwandiko mmoja, siku moja. Moja inanipa kitunguu na asali. Nyingine inasema mume wangu anahesabu siku.

Zilifika Jumatano jioni. Ya kwangu niliisoma mara tatu. Ilinituliza, nataka ujue hilo. Nilimsomea mama kwa sauti. Nilimkaanga kitunguu. Ile nyingine nilimwekea chini ya mto kwa sababu ilikuwa na jina lake na maneno yako makubwa juu. Alikuwa hawezi kusoma, anafungua macho hayaoni karatasi. Nikamwambia, "Nikusomee?" Akasema, "Hapana, acha, acha." Nikaona ni mambo ya mwanamke. Nikakasirika, Sekake. Mume wangu anakufa mimi naona wivu wa mwanamke wa Welkom, nikaiacha pale siku nzima.

Leo asubuhi nilimwita hakuitika. Nikamwita kwa jina la baba yake. Akaniangalia kama mtu anayeangalia ukuta, akauliza, "Huyu mama ni nani?" Mkojo wake ulikuwa mweusi kama chai iliyochemka mno. Hapo ndipo nilipoipasua ile bahasha.

Sikulia. Nilimfunga blanketi na kamba, jirani zangu wakambeba kwenye machela ya fito mpaka barabarani, na gari la duka likatuleta. Daktari hapa anatoka Zaire, anaitwa Kalonji. Sikungoja aniulize. Nikamwambia, "Alikuwa Tete. Ni malaria." Alimfunua kope, akamminya tumbo upande wa kushoto, akachukua damu kidoleni na akaenda mwenyewe kwenye hadubini, maana kijana wa maabara anasema aliwaona wadudu wa malaria kwenye picha tu chuoni. Aliporudi alikuwa amekunja uso.

"Mama, kwetu hata mtoto wa miaka mitano angekuambia huu ni ugonjwa gani," akasema. "Mimi nimeugua mara nyingi kuliko nilivyokata nywele. Kwa nini mmekaa siku tisa?"

Nikamwambia, "Alisema katoka Welkom."

Akasema, "Angesema ukweli pale zahanati siku ya tatu, angekuwa nyumbani saa hizi anaezeka."

Hakunisema kwa ukali. Afadhali angenisema kwa ukali.

Dawa hospitali haina, hawajawahi kuihitaji. Yeye ana chupa chache za kwinini kwenye sanduku lake, alizoziweka kwa safari za kwenda kwao. Ameanza kumtundikia hizo. Zinatosha siku mbili, na zinatakiwa siku saba. Amepiga redio Maseru, wanasema ndege haiwezi kuruka kwenye mawingu haya.

Mphutlane anaondoka sasa hivi. Nenda kwa yule muuguzi wako. Mwambie kila kitu, kwa majina, hata kama wakala atafuta majina ya Basotho wote. Ulete kwinini. Na uniandikie, ni lini hasa walitoka Tete, vidonge vilikuwa vya jina gani, na huyo Khauta ni nani. Usipambe. Safari hii niandikie kama Molefi angeandika.

'Malineo


Welkom
2 Julai 1994

'Malineo,

Walitoka Tete tarehe 9 Juni. Jina la vidonge silijui. Walivitupa mtoni tarehe 12 au 13, Molefi na Khauta Moleko wa Semonkong. Molefi alipunguzwa kazi hapa mwezi wa pili. Alienda Tete mwezi wa tatu. Barua zote za tangu hapo nimezitunga mimi.

Muuguzi nimemwambia. Alimwamsha daktari wa mgodi nyumbani kwake, leo Jumamosi, na wamenipa chupa ishirini. Wamesema zisigande, kwa hiyo Mphutlane atazivaa kifuani ndani ya koti. Njia ya mlimani imefungwa na theluji, ameniapia ikibidi atashuka atembee.

Mimi nilitaka kuja. Nikaona utanifukuza.

Sekake


Hospitali ya wilaya, Mokhotlong
6 Julai 1994

Kwa mama wa nyumba ya Khauta Moleko, Semonkong,

Hunijui. Naitwa 'Malineo Ramabanta. Mume wangu Molefi alikuwa kazini na mume wako. Nakuomba ukae chini usome barua hii yote, na kama mume wako anaumwa usiimalize, mbebe kwanza.

Hawakuwa Welkom. Walikuwa Tete, Msumbiji. Kule kuna malaria, inaletwa na mbu. Walipewa vidonge wavimeze mpaka nyumbani, wakavitupa njiani ili sisi tusivione. Ugonjwa huu unakaa kimya ndani ya mtu kama wiki mbili, ndipo unaamka. Unaanza kwa kichwa na kutetemeka. Utaambiwa ni mafua. Mimi niliambiwa, na nikaamini, na mwandishi wa barua zetu akaniandikia hivyo hivyo.

Wangu amelala siku nne hanijui. Siku ya pili alipata degedege kama mtoto, wauguzi watatu wamemshika miguu. Dawa ya daktari ilikwisha Jumapili asubuhi. Dereva alifika saa saba mchana, magoti yamelowa, ndevu zina barafu, akafungua koti akatoa chupa moja moja kama anatoa mayai. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitamvalisha nini kaburini. Nakuambia haya ili ujue sikuandikii kwa kusikia.

Jana mchana alifungua macho. Akaniangalia, akaniita "we mama". Nilitoka nje nikalia ukutani. Niliporudi, kabla hajaomba hata maji, aliuliza, "Khauta je?"

Akamwambia daktari kila kitu, na daktari akaniambia, "Mtafute huyo mtu leo." Zahanati ya kwenu tumeiita kwa redio mara tatu, haisikiki. Polisi wa kwenu nao hawapatikani, wanasema nguzo za simu zimeanguka. Mphutlane anaenda Maseru na barua hii, ataipakia kwenye basi la kwanza la Semonkong.

Kama mume wako ni mzima, asingoje homa, aende akapimwe damu. Kama ameanza kuumwa, hata kama leo anaonekana amepona, usidanganyike, inapumzika tu. Muuguzi akiuliza ametoka wapi, mseme Tete. Mseme kabla hata hajauliza. Habari za wakala na majina zitajulikana baadaye, na mimi niko tayari kwenda mbele ya ofisi yoyote kusema nao.

Chini hapa mume wangu anaongeza neno. Nimemshikia kalamu lakini maneno ni yake. Sikio moja halisikii kwa ajili ya dawa na mikono haina nguvu.

*Khauta kaka. Nenda hospitali. Mimi ndiye niliyeanza kutupa. Usione haya kusema. Nenda. Molefi.*

Nijibu kwa njia yoyote. Sitatulia mpaka nijue.

'Malineo Ramabanta


Semonkong
12 Julai 1994

Kwa 'Malineo Ramabanta,

Barua yako imefika jana. Basi halikuweza kupanda, imeletwa na mtu wa farasi, akanipa mimi mkononi. Niliisoma yote, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kubeba. Khauta alifariki Jumapili tarehe 3. Tumemzika Jumamosi.

Nashukuru kwa kuandika. Nashukuru kwamba wako amefungua macho. Nimejaribu kukuchukia nikashindwa.

Yalikuwa vilevile kama ulivyosema. Alianza siku ya Alhamisi tarehe 23. Kichwa, kisha kutetemeka, kisha akapona, akaimba, akawachekesha watoto, akaugua tena. Tulienda zahanati mara mbili. Mara ya kwanza muuguzi alimuuliza katokea wapi, akasema Welkom. Mara ya pili alikuwa hawezi kuongea vizuri. Muuguzi akanigeukia mimi. Akasema, "Mama, nisaidie. Homa hii siielewi. Una hakika hakwenda popote?" Alinishika mkono, 'Malineo. Alikuwa ananiomba.

Nikasema, "Welkom tu."

Mimi nilikuwa najua. Wewe mumeo alikuficha, wangu hakunificha. Aliniambia usiku wa kwanza aliporudi, Tete, mto, hema, mumeo anavyokuogopa, tukacheka. Akaniambia na habari ya wakala, kwamba nikisema hatapata tena mgodi maisha yake yote, na kaka zake wawili wanaotaka kazi nao watafutwa. Hata mama yake hakumwambia. Akasema, "Wewe ndiye ninayekuamini." Nilijisikia mke hasa siku ile. Hapo zahanati nilimlinda. Niliona muuguzi anamchimba, nikasimama mbele yake.

Sikujua mbu anaua. Huku kwetu ni mdudu wa kuwasha tu. Lakini nilijua alikotoka.

Mama yake anawaambia watu ni kichomi. Mazishini mchungaji alinisifu kwamba nilimuuguza bila kutoka kitandani kwake, wanawake wakaitikia. Nilikaa kwenye godoro la ujane na shela usoni nikawasikiliza. Sijamwambia mtu yeyote. Wewe ndiye wa kwanza, na sura yako siijui.

Wenzao wanne waliobaki Tete watarudi mwisho wa mwezi. Khauta alinitajia majina yao na vijiji vyao, nimeyaandika nyuma ya karatasi hii. Wapelekee wake zao habari, wewe unajua kuandika kwa namna ambayo mtu anaamini.

Halafu usinijibu kwa barua. Barua huku anasomewa mama yake Khauta kwanza, hii nimeiandikia kwa jirani. Njia ikifunguka, njoo. Ukifika uliza nyumba ya wafiwa, watakuonyesha. Nina neno moja la kukuuliza, kama nilimlinda au nilimuua, na nataka nilisikie jibu lake kwa mdomo wa mtu aliyekaa pale nilipokaa mimi, siyo kwa mchungaji.

'Matlotliso Moleko